Mtoto wa Kwenye Video Ana Nimonia

Jumatatu, 4 Mei
Daktari Mkuu katangaza: Ijumaa anawapima wanafunzi wa wodi ya watoto. Mwalimu ambaye kundi lake litang'ara ndiye mkuu mpya wa mafunzo. Tuko wawili tu: mimi, na muuguzi mkongwe tunayemwita Mama Saa, maana hamhesabii mtoto pumzi bila saa yake mkononi. Yeye ana saa, mimi nina intaneti! Nimepata masomo ishirini ya magonjwa ya watoto, video tupu, bure. Siku ndizo chache. Nikagundua kitufe cha spidi. Mara mbili! Wanasema akili ni nywele. Mimi nina upara, lakini hili nimeliona.

Jumanne, 5 Mei
Masomo kumi kwa siku moja! Mwalimu wa kwenye video anaongea kama cherehani. Wanafunzi wanalalamika hawaambulii kitu. Nimewaambia huo ndio utaalamu. Mama Saa bado yuko kwenye kuhesabu pumzi. Maskini.

Jumatano, 6 Mei
Makubwa! Kwenye video ya leo kuna mtoto wa miaka miwili, kifua wazi. Mwalimu anasema ni mzima, anapumua mara thelathini na sita kwa dakika. Tumehesabu kwa saa ya ukutani: sabini na mbili. Tumerudia mara tatu. Sabini na mbili! Kwa umri huo hata arobaini ni haraka. Basi mwalimu kakosea, mtoto ana nimonia. Nimemwandikia barua pepe amuwahishe hospitali. Kimya. Watu wengine hawana huruma.

Alhamisi, 7 Mei
Sielewi kitu. Wodini kulikuwa na mtoto aliyeruhusiwa kwenda nyumbani, anatafuna biskuti. Wanafunzi wangu wakamtazama kifua, wakasema anapumua polepole mno, anakata roho. Wakaleta oksijeni mbio. Mama yake akapiga ukunga. Mama Saa akahesabu: thelathini na nne, buheri wa afya. Kacheka kwa pua, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 8 Mei
Nikawasha video mbele ya Daktari Mkuu. Kundi langu kwa sauti moja: nimonia! Daktari akauliza mbona mwalimu analia kama ndege. Nikasema ni lafudhi ya kwao. Mama Saa akainuka, akabonyeza kitufe kimoja, akahesabu upya. Thelathini na sita. Wamecheka mpaka wamefuta machozi.

Cheo kaenda nacho Mama Saa. Imeniuma, sifichi. Nilishamwambia mke wangu, naye alishawaambia mashemeji wote. Mama Saa akanishika bega, akaniambia mwanangu, haraka haraka haina baraka.

Jumamosi, 9 Mei
Nimekaa nikayapima maneno yake. Mama wa watu kasema kweli. Haraka ndiyo iliyoniponza! Nimeziweka video zote nusu spidi. Nimemhesabu mtoto yule yule, kwa utulivu, kwa saa.

Kumi na nane!

Kutoka sabini na mbili, kwa siku tatu tu, na dawa sijaona akipewa. Nimemwandikia mwalimu tena: asiwe na wasiwasi, mtoto amepona.