Sikio la Mama Ukumbini

Jameni, leo sina uso. Nimeuacha ukumbini.

Kwa wale wasionijua vizuri: mimi ndiye mkuu wa mafunzo ya teknolojia katika maktaba moja ya umma hapa Doha. Kazi yangu ni kuhakikisha mtu ambaye hana kompyuta, haijui au anaiogopa, anaingia maktaba akitetemeka na anatoka akitamba. Madereva, walinzi, wapishi, akina dada wa kazi za nyumbani. Ijumaa ndiyo siku yao ya mapumziko, na darasa langu la Kiswahili hujaa hadi watu wanakalia madirisha.

(Mkuu. Wa. Teknolojia. Hicho cheo kishikeni vizuri kabla sijaendelea.)

Sasa, leo haikuwa Ijumaa ya hivi hivi. Bosi wangu, Bwana Nasser, alikuwa na wageni wafadhili kwenye ukumbi mkubwa. Ukumbi na darasa langu vimetenganishwa na ukuta wa kukunja, ule mwepesi, ukipiga chafya huku unajibiwa kule. Wageni wakipenda tunachofanya, darasa la Kiswahili linaendelea na tunapata laptopu mpya. Wasipopenda, kwaheri. Bwana Nasser aliniambia asubuhi, kwa kile Kiingereza chake cha polepole, kwamba lugha za watu ni nyingi na vyumba ni vichache.

"Nikimaliza hotuba, nawaleta kwako," akasema. "Leo nataka kila kitu kiende bila kelele."

Nikamjibu asijali. (Angejali.)

Somo lilikuwa kupiga simu ya video. Bi Rukia, mama wa Mombasa anayepika kwenye nyumba moja kule Al Rayyan, alikuwa amekaa mbele kabisa. Binti yake amejifungua juzi, na Bi Rukia hataki tena kumwomba mtoto wa madam wake ampigie. "Mjukuu wangu nataka nimtazame mwenyewe, kwa kidole changu mwenyewe," aliniambia. Nyuma yake Okello, dereva kutoka Uganda, anayeandika kila neno ninalosema, hata nikikohoa.

Mpango ulikuwa rahisi. Naunganisha simu yangu na skrini ya darasa, wanaona ninavyobonyeza, wanafuata. Nikafungua simu, ikaniletea majina ya skrini za maktaba, yote yanafanana. Nikabonyeza moja. Simu ikasema imeunganishwa.

Nikageuka. Skrini nyeusi tii.

"Madam, ni giza," akasema Okello.

"Inapata moto kwanza."

(Skrini si jiko. Lakini nilisema kwa sauti ya mtaalamu, na Okello akaandika.)

Tukangoja. Giza. Nikafanya jambo ambalo mkuu wa teknolojia hafai kuonekana akifanya. Nikawapa mgongo wanafunzi, nikaingia mtandaoni, nikaandika: "kwa nini simu haionekani kwenye skrini." Sikupata jibu. Nikaandika tena: "jinsi ya kuunganisha simu na skrini haraka mbele ya watu."

Upande wa pili wa ukuta, watu wakacheka.

Nikajiambia, afadhali, Bwana Nasser leo ametoa mzaha. Sijawahi kumsikia akitoa mzaha.

Nikakumbuka jamaa wa idara ya mitambo alinitumia picha yenye maelekezo. Nikaingia kwenye picha zangu kuitafuta. Nikapita ile niliyojipaka avokado uso mzima. Nikapita zile za duka la Al Wakrah, nilikojaribu gauni la harusi. (Bwana harusi bado hajatokea. Nilikuwa napima tu kama gauni linanitosha.) Nikapita nyingine ya gauni hilo hilo, zipu imekwama, wahudumu wawili wananivuta kila mmoja upande wake.

Ukumbini kicheko kikapasuka. Mtu alikuwa anapiga meza.

Hapo nikakasirika. Sisi tunahangaika na giza, wao wanafanya sherehe! Nikaenda nikagonga ukuta kwa kiganja, mara kadhaa, kwa nguvu.

"Shwaya, shwaya! Taratibu! Kuna darasa huku!"

Kukawa kimya. Bi Rukia akanitazama kwa heshima mpya. Nikajiona simba jike.

"Skrini tuachane nayo," nikatangaza. "Nitampigia mamangu Bungoma, mtaona kwenye simu yangu." Nikaongeza sauti mpaka mwisho, wakanizunguka.

Mama akapokea mara moja. Na mkitaka kumjua mamangu, ni hivi: simu ya video kwake ni simu, na simu huwekwa sikioni. Kwa hiyo tukaona sikio. Sikio zima, na hereni yake, na mvi kadhaa zikipepea.

"HALO! NAFULA!" (Mama anaamini Qatar ni mbali, lazima upige kelele ndio sauti ifike.)

"Mama, toa simu sikioni. Nitazame."

"NIKUTAZAME VIPI NA NINAKUSIKILIZA?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Ukumbini nao wakacheka tena. Sikuunganisha mambo. Akili yangu ilikuwa imeenda likizo.

"Mama, ni video. Kuna watu hapa wanataka kukusalimia."

"WANISALIMIE BAADAYE. NIAMBIE, YULE BOSI WAKO AMEKUJA LEO? YULE ULISEMA ANATEMBEA KAMA AMEMEZA MWIKO?"

"Mama!"

"ULISEMA AKIHUTUBIA HATA SAA YA UKUTANI INASINZIA. BADO HAJAKUPANDISHA MSHAHARA?"

Bi Rukia alikuwa analia machozi, ameshika meza. Okello alikuwa anaandika. Mimi nilicheka pia, kwa sababu nani ataelewa? Tuko Doha. Hapo ukumbini ni Waarabu na wazungu wawili. Kiswahili ni siri yangu. Nimemsema Bwana Nasser kwenye lifti akiwa amesimama kando yangu. Nimemsema jikoni akikoroga chai. Nimemsema mpaka nikachoka.

Mlango ukafunguka. Akaingia Nyamweya, mlinzi wetu, Mkisii mtaratibu ambaye sijawahi kumwona akikimbia. Leo alikuwa amekimbia.

"Madam, zima simu."

"Simu gani?"

"Yako. Sikio liko ukumbini."

"Sikio la nani?"

"La mamako."

Hiyo ndiyo dakika niliyoelewa. Ile skrini niliyobonyeza haikuwa ya darasa. Ilikuwa ya ukumbi. Wafadhili walikuwa wameona kila kitu. Avokado. Gauni. Zipu. Mkuu wa teknolojia akiuliza mtandao jinsi ya kufanya teknolojia. Na halafu nikawagongea ukuta nikawaambia wanyamaze!

Mtu mwenye akili angezima simu. Mimi nilikimbilia ukumbini nikiwa nayo mkononi, inanguruma.

Mbele ya wageni, juu ya Bwana Nasser, sikio la mamangu lilikuwa limejaa ukuta mzima. Ukubwa wa mlango wa lori. Hereni ilikuwa inabembea kama taa ya msikitini. Bwana Nasser alikuwa amesimama chini yake, kanzu nyeupe, mgongo wima, kijiti cha kuonyeshea mkononi. Hakuna aliyekuwa anatazama kijiti.

Na Mama, kutoka mkononi mwangu: "NAFULA, MBONA UMENYAMAZA? AMA BOSI AMEKUJA?"

Bwana Nasser akanitazama. Akaisogelea simu. Akafungua mdomo, na wallahi, kikatoka Kiswahili laini cha Unguja:

"Nimekuja, mama. Shikamoo."

Nikageuka nitoroke. Nyamweya, aliyenifuata, akanishika kiwiko.

Sikio likaondoka kwenye skrini. Likaja paji la uso, halafu tundu la pua, halafu Mama mwenyewe, amekunja macho. "Marahaba, mwanangu. Na wewe ndiye nani?"

"Ndiye huyo aliyemeza mwiko."

Mama ni mtu mzima, haaibiki ovyo. Akamtazama vizuri, akasema, "Mbona wewe ni kijana mzuri tu? Nafula alinifanya nifikirie ni mzee mwenye kibyongo." Halafu simu yake ikaishiwa chaji, akatoweka. Ameniacha hapo peke yangu. Mzazi!

"Bwana Nasser," nikaanza, "Kiswahili..."

"Bibi yangu kazaliwa Unguja," akasema. "Nyumbani kwetu Maskati, ukimsemesha Kiarabu hakupi chakula."

"Na hukuniambia?"

"Hujaniuliza. Tena kwenye lifti nilikuwa nafurahi."

Mgeni mkuu, mama mmoja aliyevaa abaya, akataka atafsiriwe. Nilitarajia Bwana Nasser aruke zile sehemu mbaya. Hakuruka hata moja. Mwiko aliutafsiri kwa vitendo, akatembea kutoka huku hadi kule. Ndiyo mara ya kwanza nimeona watu wakifurahia hotuba yake.

Halafu yule mama akaacha kucheka, akaniuliza kwa nini mamangu aliweka simu sikioni. Sikuwa na hotuba. Nikamwambia ukweli tu: kwamba nilimtumia simu nzuri na hakuna mtu aliyekaa naye kumfundisha, mimi mwenyewe niko huku nafundisha watoto wa watu wengine. Na kwamba hapo nyuma ya ukuta kuna nyanya anayetaka kumwona mjukuu bila kuomba kubonyezewa.

"Nataka kumwona," akasema.

Tukaenda wote darasani. Bi Rukia hakushtuka. Alikuwa ameshachoka kutungoja, amechukua simu yake na kufuata yale aliyoandika Okello, ukiacha ile ya skrini kupata moto. Mbele yetu, kwa kidole chake mwenyewe, akapiga. Kitoto kikatokea, kimelala, kimekunja ngumi. Bi Rukia alifunika mdomo kwa mtandio, mabega yakatikisika, na mama wa abaya akavuta kiti akakaa karibu naye.

Darasa linaendelea. Bwana Nasser amenithibitishia mlangoni. Laptopu zinakuja. Ila amesema kuanzia Ijumaa ijayo atakuwa anakaa nyuma ya darasa "kunoa Kiswahili chake", na akatoka akitembea taratibu, wima, makusudi kabisa.

Mama naye amewasha simu, ametuma ujumbe wa sauti. Anauliza kama bosi ameoa.

Haya yote nawaandikia nikiwa chooni ghorofa ya pili, nangoja wageni waondoke ndio nipite. Dada wa usafi amebisha nikamwambia naumwa tumbo. Sasa kila mmoja wenu acheke hapo alipo amalize, asinipigie. Na mtu akiwauliza mkuu wa teknolojia ni nani hapa, mwambieni alihama, mimi ni fundi wa mabomba.