Kichwa cha Maen na Wanaokuja Kukijaribu

Nizwa, Jumapili 18 Aprili 1999

Kwa Bwana Marzouq, Katibu wa Kamati ya Hoki

Bwana Marzouq,

Assalaam alaykum. Nakusalimu wewe na wote wa klabuni kabla sijaanza kulalamika, kwani nikishaanza huenda nikasahau.

Mimi ni Bimdogo binti Harub, mama yake Maen, beki wenu. Katika kitabu changu cha siku nimeandika: "Alhamisi 1 Aprili, saa kumi na dakika ishirini. Mpira umempata Maen kichwani. Kaanguka. Kaamka. Kauliza nani anaongoza." Daktari alisema ubongo umetikisika, akaagiza dawa moja tu: siku saba mfululizo katika chumba cha giza, bila makelele. Siku ikikatika, tunaanza tena moja. Asipozitimiza hatamruhusu kushika gongo, na fainali yenu na watu wa Sur ni Alhamisi 29. Leo ni siku ya kumi na saba tangu apigwe. Katika zile saba hatujapata hata moja.

Kosa ni la kamati, na sababu ni hizi:

1. Mlimtangaza Ijumaa mlangoni mwa msikiti, kwa nia njema, ili aombewe. Akaombewa. Kisha waliomwombea wakaja kutazama kama dua imefika.

2. Mguu ukivunjika, mgeni huutazama, husema pole, hunywa kahawa akaondoka. Kichwa kilichotikisika hakionyeshi kitu, kwa hivyo kila mtu hutaka kukijaribu. Jumatatu tarehe 5 alikuja bibi mmoja kutoka mji wa Adam, jamaa wa marehemu mume wangu, ambaye Maen hajapata kumwona tangu azaliwe. Akamwinamia: "Maen, mimi nani?" Maen akajibu kwa adabu: "Shikamoo bibi, sikujui." Bibi akapiga ukelele, "Masikini, kichwa kishakwenda!" Akawapigia simu jamaa zetu wa mji wa Fanja. Kufika alasiri uani palikuwa na magari sita.

3. Waliotoka Fanja walimhoji kwa zamu. Ndugu yangu Thani alimtaka ataje babu zake mpaka wa saba. Maen akakwama kwa wa tano. Wa tano mimi simjui, na Thani pia hamjui, lakini aliyeonekana mgonjwa ni Maen.

4. Jumatano tarehe 14 niliwaomba wageni wanong'one. Bwana Katibu, watu ishirini na wawili wakinong'ona pamoja ni mashine ya kusaga. Na kuwafukuza siwezi. Nikimfukuza mtu aliyekuja na halua yake mkononi, nitaishi na nani Nizwa hii?

Kwa hivyo naiomba kamati ipitishe haya. Mchezaji akipigwa kichwani tena, tangazeni kuwa ana tetekuwanga. Mwenye jamaa zaidi ya mia asichezeshwe bila helmeti, na apewe ya pili ya kuvaa kitandani, iliyozibwa masikioni. Wanaosimama mbele ya mpira wa kona wawe wale wasio na shangazi. Na waandikieni watu wa Sur, kwa heshima, wapige miguu.

Leo asubuhi nimefunga mlango wa mbele nikabandika karatasi kuwa tumesafiri. Mpaka ninapoandika hajaja mtu. Tukiendelea hivi, Maen atatimiza saba zake Jumamosi. Sasa amelala. Hata saa ya ukutani nimeitoa. Ni mara ya kwanza tangu siku ile kumwona mwanangu akilala bila kukunja uso.

Wasalimie mama watoto, wachezaji, na mwamuzi pia, ingawa wakati ule alikuwa akitazama kwengine.

Mimi, mwenye kudai utulivu,
Bimdogo binti Harub

Tanbihi: Binti yangu Shukriya ameingia sasa hivi kwa mlango wa nyuma na khabari kuwa golkipa wenu, Hamoud, naye mpira umempata kichwani jana mazoezini. Masikini! Na daktari kamwambia atulie peke yake, ati peke yake, kama mtu asiye na watu. Tafadhali mpe Shukriya, anayekuletea barua hii, maelekezo ya nyumba yake. Tunakuja magari matatu, halua ipo, na hatutakaa sana. Maen nimemwamsha, nimemweka gari la mbele. Itakuwaje mwenzake aumwe, yeye alale?