Raba Zangu za Themanini na Tano Zimetembezwa

Mheshimiwa Mtawa Kakuzen,

Kwa heshima zote na kwa moyo mzito, nakuarifu kwamba raba zangu za mwaka themanini na tano, nyekundu kwa nyeupe, toleo la kwanza, zimetembezwa. Sisemi zimeibwa. Kuibwa ningestahimili, mwizi anajua thamani ya kitu.

Unakumbuka Jumapili ile ya kumbukumbu ya marehemu mama mkwe wangu. Raba nilizibeba kwenye mfuko nikazivaa langoni pa hekalu lako, hatua chache tu, kwa heshima ya marehemu. Tukavua viatu sote, tukaketi kwenye mikeka, ukasoma sala nzuri, ingawa ndefu. Kutoka nje, rafuni nikakuta viatu vyeusi vya watu na jozi moja ya raba chakavu zenye matope. Zangu zilikuwa zinateremka ngazi za hekalu miguuni mwa Mzee Shirakawa, yule aliyekuwa akituuzia tofu, ile jibini ya soya. Nikaona haya kupiga kelele penye makaburi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mzee anazivaa. Nilimpigia simu kwa upole, akacheka: "Ala! Kumbe zako, Kuramochi? Mbona zimenikaa kama soksi! Hata goti limenyamaza. Niachie kidogo, bwana mdogo, nifaidi." Afaidi! Mimi nimezitunza miaka tisa bila kufaidi chochote. Nazisugua kwa mswaki wa mtoto. Majira ya mvua mashine ya kukausha hewa hulala nazo chumbani kwetu. Mke wangu hulala sebuleni.

2. Anazivaa shambani. Jirani kamwona akichimba figili nazo, tena anapiga mluzi.

3. Mke wangu Nobue yuko upande wake. "Afadhali zimepata mwenye miguu," aliniambia, supu ikiwa bado mdomoni mwangu. "Mama yangu alipougua, hukumfuta hata jasho namna hiyo." Neno hili nalikabidhi kwako, kwa kuwa ni la kiroho, na mimi ni mtu wa raba.

4. Chanzo cha yote ni desturi ya kuvua viatu. Mtu anapanga foleni Osaka tangu alfajiri, anapata raba ya kihistoria, halafu kila afikapo penye macho ya watu anaambiwa, vua. Amenunua ili aonyeshe nini, soksi? Naomba basi hekalu liruhusu raba za kale kuingia ndani. Kama Buddha hataafiki, ziwekwe madhabahuni pamoja na wahenga, maana nazo ni za kale na hazina tena kazi duniani. Uvumba nitaleta mwenyewe.

5. Hilo nalo likishindikana, Mzee Shirakawa azuiwe kutembea mpaka shauri liishe. Ana miaka themanini na moja. Nadhani ametembea vya kutosha.

Nisalimie mama mtawa, akina mama wa jikoni, na yule paka wa makaburini. Mzee Shirakawa usimsalimie.

Wako mnyenyekevu,
Kuramochi Yasuhiko
Sakai

N.B. Nikiwa natafuta stempu, Mzee amekuja mwenyewe. Raba kaziosha, kazifunga kwa kitambaa cha hariri, na juu yake figili mbili za kuomba radhi. "Nilikuwa nakutania tu, bwana. Shika mali yako." Akavaa tena zile chakavu zake alizovua mlangoni, akaenda zake, anachechemea. Nobue akamsindikiza Mzee kwa macho mpaka alipokata kona. Kisha akasema, haya, zivae sasa, umkimbilie umbebee mwavuli wake, kausahau. Nimejaribu. Siku ile ya foleni Osaka, dukani ilikuwa imebaki jozi moja tu. Mimi navaa saizi ya sentimita ishirini na saba. Hizi ni ishirini na sita.