Ombi la Kuondolewa Bahari Sebuleni Kwangu

Kwako Shemeji Mkubwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na nyumba yako nzima. Mimi ni mzima kiasi. Miaka kumi na tisa iliyopita ulinikabidhi mdogo wako, ukanitajia tabia zake zote bila kuficha. Bahari hukuitaja.

Miezi minane sasa tangu arudi kutoka maabara ya hospitali anakofanya kazi, amekumbatia tangi la kioo la lita ishirini. Aliliweka mezani palipokuwa na redio, akasema anataka kufuga kipande cha bahari. Nikakubali, nikidhani ni shughuli ya wikendi moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wiki sita za mwanzo tangini hamkuwa na samaki. Mlikuwa na maji na jiwe. Nilipouliza tunangoja nini, nilijibiwa kwa upole, "Tunangoja maji yakomae." Basi mimi, baba mzima wa miaka hamsini na miwili, nikawa namaliza jioni zangu nikitazama jiwe.

2. Unajua daktari amenikataza chumvi kwa ajili ya presha. Sasa jikoni kwangu mna ndoo nzima ya chumvi. Inapimwa kwa mizani, inakorogwa kwenye maji mchana kutwa, halafu inachunguzwa kwa kipimo chake kana kwamba ni dawa. Yote haya ni kwa ajili ya samaki mmoja wa rangi ya chungwa, urefu wake kidole changu cha mwisho. Mimi nachemshiwa maharage.

3. Kama ujuavyo, mimi fundi nashonea nyumbani. Mdogo wako aligundua kwamba mtikisiko wa cherehani unamtisha samaki. Aliyehamishwa si samaki. Siku hizi nashonea koridoni, na kila anayekwenda chooni inabidi nisimame nimpishe, suruali ya mteja mkononi.

4. Mwezi uliopita, mchana wa baridi kali, umeme ulikatika na kile kifaa cha kupasha maji kikazima. Mdogo wako alipiga simu kutoka kazini, akaniamuru nilifunike tangi kwa nguo nzito. Iliyokuwa karibu ni koti la suti ya dereva mmoja wa lori, nimetoka tu kulipiga pasi. Mwenyewe alipokuja kulichukua, akalikuta limevaliwa na tangi, vifungo vyote vimefungwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye aliinama, akachungulia kwenye kola, akaniuliza samaki anaendeleaje. Alikaa saa mbili. Suti hajaijaribu hadi leo.

5. Maji ya tangi hupungua kila siku na chumvi hubaki, kwa hiyo kila asubuhi lazima mtu aongeze maji yasiyo na chumvi, la sivyo samaki, pamoja na konokono na tumbawe walioongezwa baadaye, wanadhurika. Ndiyo maana hatusafiri tena pamoja. Kwenye mahafali ya binti yako mliuliza niko wapi, mkaambiwa naumwa. Sikuwa naumwa, Shemeji. Nilikuwa na kikombe mkononi.

6. Hili ndilo lililonichoma. Mdogo wako ana daftari la tangi, nami nimelifungua. Jumatatu ameandika: joto nyuzi ishirini na tano, samaki mchangamfu, konokono yupo upande wa kushoto, tumbawe limefunguka vizuri. Jumatatu hiyo nilikuwa nimelala na homa. Sikuandikwa popote.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uje na gari lako Jumamosi uiondoe bahari hii, ukawape wanao. Hilo likishindikana, basi umsihi mdogo wako aniongezee mstari mmoja daftarini, hata chini ya konokono.

Nisalimie mama, watoto wote kwa ukubwa wao, na yule jirani yako mwenye gereji.

Wako katika undugu,
Shemeji yako, Fundi.

Tanbihi: Jumamosi usifike kabla ya saa nne, ndio muda wa samaki kula, na chakula hapokei kwa mtu mwingine isipokuwa mimi. Tangu wiki jana akisikia hatua zangu anapanda juu kunilaki. Mdogo wako kajaribu kumlisha, kageuziwa mkia. Tangi tutalipakia taratibu, lakini kiti cha mbele niachie. Nitalipakata mwenyewe hadi kwako, na tukifika utanionyesha nitakapolala.