Damu Yangu kwenye Cherehani ya Ancha

Jumatatu, 1 Septemba
Jino linacheza! La mbele! Na Ijumaa ndimi ninayesoma Maulidi hapa Quitunda. Saide, jirani yangu, anaimezea mate nafasi hiyo tangu mwaka jana. Leo kaniuliza mbona nikisoma natoa mluzi. Kijicho kimemjaa!

Nimekwenda kwa Dotora Ivone, daktari wa meno, mgeni kutoka Beira. Kasema ufizi unaumwa, mfupa unaoshika jino umelika. Ati ugoro wangu! Ila mfupa huoteshwa. Damuni mna chembe ndogo za kuziba kidonda, nazo zina kitu kinachouita mfupa umee upya. Madaktari wengine huizungusha damu ya mgonjwa mwenyewe kwa mashine, chembe zijitenge, kisha zipandwe ufizini. Lakini kwanza niache ugoro, nisafishwe, niende hospitali kubwa mjini Pemba, nisubiri miezi. Miezi! Kwa sasa alitaka kulifunga jino kwa waya lisicheze. Nimekataa. Mimi mbuzi?

Jumanne, 2 Septemba
Damu ninayo mwenyewe. Ya nini Pemba? Mzee Hamido huumika watu kwa pembe. Kaniumika mgongo mzima, akauliza kwa nini nakinga damu kwenye chupa. Nikamwambia ni mambo ya sayansi. Kanitazama kwa huruma. Sitaki huruma ya mtu!

Jumatano, 3 Septemba
Mashine ninayo pia: cherehani ya mke wangu. Ancha alikuwa sokoni. Nimeifunga chupa kwenye gurudumu, nikakanyaga kwa hasira zangu zote. Kizibo kikaruka. Damu ukutani, damu usoni, damu kwenye kanzu ya Maulidi iliyokuwa chini ya sindano!

Tone lililobaki nikalisugua ufizini. Nikalisukuma kwa kidole lizame vizuri. Kidole kikatoka na jino.

Saide alikuwa dirishani. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulijua kwamba nimetia najisi mdomoni.

Ijumaa, 5 Septemba
Kasoma Saide. Kwa meno yake yote! Shehe kaniomba kwa upole nikae nyuma. Nimesukutua mara saba, bado nyuma! Nimelia. Kwa hasira tu.

Nje nikakutana na Dotora Ivone. Kasema lile jino lingefungwa lingenifikisha leo bila taabu. Yaliyobaki yataokoka nikiacha ugoro. Nikamjibu kwa ukali, ugoro ukamrukia kwenye koti.

Jumamosi, 6 Septemba
Kosa nimeligundua! Ancha kanifokea kabla hata ya chai: gurudumu la cherehani halizungushwi kinyume, uzi hukatika. Na mimi Jumatano nilizungusha kinyume! Ndiyo maana mfupa haukuota. Ugoro hauhusiki kabisa. Nimetia mwingine ili niwaze vizuri.

Na jino la pili limeanza kucheza. Alhamdulillahi! Mzee Hamido ananingoja saa nne. Mgongoni pamebaki nafasi kidogo, upande wa kushoto.