Gari Lisilojua Uongo

Kila Jumatano, mjini Ibra, wanawake wana soko lao na wanaume hubaki nje. Khalifa alikuwa nje, lakini si kwa adabu. Kaegesha gari la Kichina karibu na mlango, kalisugua mpaka linang'aa, anangoja mwenye pesa atoke.

Na pesa alikuwa anazihitaji, maskini ya Mungu. Alilinunua mnadani kwa rial elfu mbili, na hizo elfu mbili alizipata kwa kuweka rahani vikuku vya dhahabu vya mkewe, Radhia. Radhia anadhani viko kwa sonara vinasafishwa, na kesho ana harusi ya kuvivaa.

Akatoka Bi Mahfoudha, mkongojo mkononi, baibui limepauka. Khalifa akaona riziki yake hiyo inakuja kwa miguu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sayyara hii yauzwa?"

"Wallahi kama umetumwa! Ingia, uonje kiti."

Bibi akakaa kiti cha pembeni, basi Khalifa akaanza. Ati Wachina zamani waliiga magari ya watu, siku hizi watu ndio wanaowaiga wao. Ati hili limeinuka, mawe ya wadi, yale mabonde makavu, halijali, lakini ni fupi, linapita vichochoro vyote vya Bahla. Lina paa la kioo, lina kamera pande nne, na juu ya yote linasema.

Akaliwasha. Sauti ya mwanamke ikatoka, Kichina kitupu.

"Linasemaje?" akauliza bibi.

Khalifa hajui Kichina hata cha kuombea maji. "Linasema injini yake nzima, mwenyewe alikuwa daktari, na wewe umekaribishwa. Gari hili, bibi, halijui uongo! Elfu nne tu."

Wanawake watatu waliotoka sokoni wakasogea kusikiliza. Khalifa akazidisha sauti.

Bi Mahfoudha akaweka mkongojo kando, akaliuliza gari kitu. Kwa Kichina. Gari likajibu! Wakaendelea hivyo, wee, kama mashoga waliopoteana.

"Miaka kumi na mbili nikifuata vitambaa Guangzhou," bibi akamwambia. "Pole, mwanangu. Linasema giaboksi imekwisha, na kabla ya kufika Nizwa litashika moto."

"Haiwezekani!"

"Si umesema halijui uongo?"

Wale watatu wakacheka, wakaenda zao, na adhuhuri Ibra nzima ingekuwa na habari. Khalifa jasho likamtoka. Kumbuka, hakuwahi kumwonyesha fundi gari hilo hata siku moja, kwa ubahili.

"Mjukuu wangu ana gereji," alisema bibi. "Nitalichukua la vipuri. Mia tisa."

"Elfu moja, bibi, nakuomba!"

"Mia nane."

"Mia tisa! Mia tisa, khalas!"

Wakahamisha jina la mwenye gari kwa simu palepale, pesa zikaingia. Bi Mahfoudha akahamia kwenye usukani, akateremsha kioo.

"Umenitia huruma, acha nikwambie. Toka ulipoliwasha linasema jambo moja tu: funga mkanda."

Akaufunga, akaondoka, na giaboksi haikutoa hata mlio.

Simu ya Khalifa ikalia. Alikuwa Radhia.

"Mume wangu, sonara anasemaje?"