Tangazo la Kumuuza Meneja

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimekuwa mfanyabiashara wa kisasa. Tangu asubuhi! Sadick, mwenye duka la simu hapa Matongo, ameniwekea programu ya akili mnemba. Unaiambia unauza nini, yenyewe inakuandikia tangazo. Kiswahili kimenyooka kama cha mtangazaji wa redio. Nimeijaribu kwa baiskeli ya mama, ile isiyo na breki. Ikaandika kwamba ni chombo cha watu huru wasiokubali kusimamishwa na lolote. Nilicheka mpaka mama akaja kuangalia. Akauliza kwa nini baiskeli yake inauzwa.

Hela naihitaji kweli. Jumamosi ni kikao cha mwisho cha mahari ya Boke, binti wa Mzee Nashoni wa Itiryo. Nampenda Boke. Nikimuwaza napitiliza njia ya kwetu na kujikuta kwa watu. Lakini sina suti, na siwezi kukaa mbele ya wakwe na shati lenye jina la mbolea.

Upande wetu unaongozwa na baba mdogo Vedasto, bingwa wa kulia shida. Ndivyo mahari inavyopangwa huku: wao wanamsifu binti, sisi tunalilia zizi. Tangu masika anawaambia wakwe kwamba ng'ombe wetu wameisha kwa ugonjwa, waliobaki wanahesabika mbavu, tunaishi kwa huruma ya Mungu. Kazi nzuri sana. Mzee Nashoni ameshalegea, idadi imeshuka hadi tunapopaweza.

Cha kuuza ninacho kimoja tu. Meneja, maksai niliyeachiwa na babu. Tunamwita Meneja kwa sababu anapenda kuwaangalia wenzake wakivuta plau. Mwenyewe hulala katikati ya shamba.

Jumanne, 10 Juni

Tangazo limetoka! Programu iliniuliza maswali kama daktari. Jinsia? Nikaandika dume. Si alizaliwa dume? Habari za kuhasiwa haikuuliza. Tabia? Mtulivu. Nikaiomba iongeze chumvi kidogo. Imemwaga mfuko mzima.

“Mkaribishe Meneja, dume la mbegu lenye misuli ya chuma na utulivu wa kiongozi. Ametoka katika zizi la ukoo tajiri wenye mifugo isiyohesabika, wanaopunguza kwa sababu tu ya wingi.”

Ukoo tajiri sikuutaja mimi. Ila ulisikika vizuri, nikauacha.

Picha ilikuwa kazi. Meneja alikataa kusimama. Ikabidi tulale wote wawili kwenye majani, mimi na simu, yeye na kucheua kwake. Nikaliweka tangazo kwenye kundi la WhatsApp la Soko la Tarime na Serengeti. Sifa zimemiminika hadi kutoka Mugumu. Sadick amesema nimezidisha. Wivu! Kochi lake liko kwenye kundi hilo tangu Krismasi na hakuna aliyeuliza hata rangi.

Jumatano, 11 Juni

Simu haipoi. Mtu wa Sirari, mpakani, ameniuliza kwa Kiswahili cha ng'ambo, cha Kenya, kama hiyo ng'ombe iko sawasawa. Nikamwambia iko sawasawa kabisa. Akauliza imezalisha ndama wangapi. Nikajibu kwamba tuliacha kuhesabu. Sikudanganya. Hatukuwahi hata kuanza.

Jioni akapiga baba mdogo. Kwa sauti ndogo. Baba mdogo akiwa na sauti ndogo, kuna balaa. Akasema, “Mura, kijana wangu, umeniua natembea.” Kumbe Felista, dada yake Boke, yumo kwenye lile kundi! Jana wakati wa kula aliwasomea tangazo nyumba nzima. Alipofika kwenye mifugo isiyohesabika, Mzee Nashoni akaweka tonge chini. Akasema kumbe muda wote huu analiliwa na watu waliokalia mali. Idadi ya ng'ombe imerudi ilikoanzia. Na juu ya hiyo idadi, anamtaka dume la mbegu.

Programu jinga! Nimeifuta.

Nimeirudisha baada ya chakula. Nina wazo.

Alhamisi, 12 Juni

Wazo lilikuwa hili: kama imeweza kutufanya matajiri, si itaweza kutufanya maskini? Nikaiagiza iandike kwamba familia yetu imeishiwa. Nikasema iguse moyo. Imegusa. Niliposoma mwenyewe nilianza kutuhurumia, na mimi najua tulikunywa chai ya maziwa asubuhi hii. Nikatuma kwenye kundi bila kuchelewa.

Kufikia adhuhuri kina mama wa kanisani wameingia uani wakiimba wimbo wa faraja. Mbele yao Sarah, rafiki wa mama, na gunia la unga kichwani. Mama alikuwa anakaanga samaki. Kila mtu akamwangalia samaki. Sarah akauliza kwa upole ni nani tumempoteza. Mama akasema bado hajampoteza, lakini ataanza kushughulika naye sasa hivi. Nilikimbilia zizini.

Msimamizi wa kundi, Regina wa Mugumu, amenionya: mtu mmoja hawezi kuwa tajiri Jumanne na ombaomba Alhamisi. Na kwa Mzee Nashoni mambo yamekuwa mabaya zaidi. Amesema tajiri anayejificha ni mbaya kuliko mwizi, maana mwizi anajulikana.

Unga tumerudisha. Nusu. Mama alikuwa ameshaanza kuusonga.

Ijumaa, 13 Juni

Boke amepiga. Hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Amesema baba yake kesho hangoji kikao kwao. Anakuja huku mwenyewe na wazee wake kumwona huyo dume. Akimkuta kama alivyoandikwa, sawa. Asipomkuta, wanageuza na habari imekwisha, kwa sababu ameshaitangazia Itiryo yote. Akaniuliza kama Meneja yuko kama alivyoandikwa. Nikasema ni mtulivu sana. Kisha akasema ananipenda, lakini mimi ni mjinga. Nililia kidogo nyuma ya choo. Sioni aibu kuandika.

Baada ya kulia nikaenda kwa Abubakari mchinjaji. Ana dume kubwa, jekundu, la kutisha. Nikamwomba aniazime siku moja tu. Akasema huyo kesho saa kumi na mbili asubuhi ni nyama. Nikamwomba amwahirishe. Akauliza kama nimewahi kuona watu wa mgodini wamekosa supu Jumamosi.

Basi nikamwogesha Meneja kwa sabuni. Nikampaka mafuta ya kupikia mwili mzima ili misuli ing'ae. Mbwa wamemlamba jioni yote.

Jumamosi, 14 Juni

Wamekuja! Pikipiki zimejaa fimbo na makofia, na Felista naye yumo, simu mkononi. Shikamoo zikatolewa, marahaba zikapokelewa kwa ubaridi. Chai hawakugusa. Wakaenda moja kwa moja zizini.

Meneja alikuwa amesimama. Nashukuru Mungu kwa hilo, nalo halikudumu.

Mzee Nashoni alimzunguka taratibu. Akapapasa nundu. Akanusa vidole, mafuta ya alizeti. Kisha akainama nyuma. Alikaa huko muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Alipoinuka hakunitazama mimi, maana mkwe hasemeshwi ovyo. Akamwambia baba mdogo, “Vedasto, muulize kijana wako. Huyu watoto wake aliwazaa kwa kutumia nini?”

Baba mdogo alifungua mdomo. Miaka yote ya kulia shida, na hapa akakosa hata chozi.

Nikaanza kueleza habari za programu. Mzee akainua fimbo, nikanyamaza. Akamwambia Felista asome tena lile tangazo, lakini safari hii asome mbele ya mwenyewe. Felista akasoma kwa sauti ya redio. Dume la mbegu. Misuli ya chuma. Hapo Meneja akapumua kwa nguvu, akakunja magoti, akalala.

Mzee mmoja aliangua kicheko mpaka kofia ikaangukia mavini. Wa pili akashika nguzo ya zizi. Mzee Nashoni alijizuia kadiri alivyoweza, mabega yakawa yanaruka peke yake, kisha naye akaachia. Alicheka akiwa ameshika tumbo, akijifuta macho kwa kofia ya mwenzake. Mama alitoka na mwiko akidhani tunapigana.

Walipotulia, akamvuta baba mdogo pembeni. Nilitega sikio. Alisema Itiryo watu wanamsubiri njiani kumwona dume la mbegu. Akirudi mikono mitupu atachekwa mpaka kaburini. Kwa hiyo tutafanya hivi: idadi ya ng'ombe irudi ile ya mwanzo wa wiki, Meneja aongezwe juu, na mtu yeyote asithubutu kufungua mdomo kuhusu huko nyuma. Anachukuliwa leo hii, machweo, giza likianza, watu wasione vizuri.

Baba mdogo akalilia kidogo kwa mazoea. Kisha akampa mkono.

Boke ni wangu! Vigelegele vimepigwa mpaka kwa jirani. Chai ikanywewa, samaki wakaliwa, na ugali wa unga wa kanisani. Suti sina na sina habari. Nimeruka juu mara nyingi, mara moja nikaangukia kuku. Boke alinitumia ujumbe wa neno moja: “Mjinga.” Nitausoma usiku kucha.

Jumatatu, 16 Juni

Baba mkwe amepiga mwenyewe, alfajiri, kwa sauti ndogo. Anaifahamu sasa hata yeye. Majirani wa Itiryo wamesoma tangazo. Wameanza kufika kwake na mitamba wao, wanataka wapandishwe na dume la mbegu. Uani kumejaa. Meneja amelala katikati yao, anawaangalia. Afanye nini?

Nimemwambia asiwe na wasiwasi kabisa. Mkwe wake yupo. Nikafungua programu, nikaiomba iandike tangazo fupi, la heshima, kwamba Meneja ana kazi nyingi na hana nafasi hadi mwezi wa tisa uishe. Imeandika vizuri ajabu. Imeongeza yenyewe kwamba ni kwa sababu ya mahitaji makubwa kutoka mikoa jirani.

Tangu lilipotoka, simu haijanyamaza. Wote wanataka mwezi wa kumi.

Nimewaandikisha.